Sepeto la Mguu wa Kushoto

Ultan Farrelly aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu siku hiyo haukupita mwezi bila kitabu mkononi mwake. Gari la maktaba lilipokuwa bado linafika Derrycolla, kila Alhamisi ya pili, dereva alimwekea kando chochote kilichohusu watu wa kale, maana alijua mzee huyu atakisoma mpaka mwisho, kisha atakirudisha akiwa amegombana nacho. Gari hilo halifiki tena. Walioliondoa walisema vitabu vyote sasa vimo ndani ya simu. Ultan hakuwa na simu ya namna hiyo, na hakuitaka.

Mengi mengine yaliacha kufika Derrycolla. Ndege wa mdomo mrefu uliopinda, ambaye kilio chake kilikuwa ndiyo saa ya asubuhi ya kinamasi, hajasikika miaka tisa. Majirani walioingia jioni bila kubisha hodi, wakakaa kando ya moto na kusema uongo mtamu, wamekufa, na watoto wao hutazama televisheni milango ikiwa imefungwa kwa ufunguo. Na siku ya kukata mboji, ambayo zamani ilijaza watu ishirini kwenye ukingo mmoja wa kukatia, kila mtu na sepeto lake, ikawa siku ya mzee mmoja na torori.

Mboji ndiyo iliyomlea. Ni udongo mweusi wa kinamasi, majani na mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka bila kumalizika. Ukiukata vipande kama matofali na kuuanika, huwaka kuliko kuni. Baba yake, Bartle Farrelly, aliukata kwa sepeto la bawa, yaani sepeto jembamba lenye ukuta mdogo wa chuma upande mmoja, ili pigo moja la mguu likate kipande pande mbili kwa mpigo. Kila mtu katika parokia alikuwa na bawa upande wa kulia na alikanyaga kwa mguu wa kulia. Bartle peke yake alikanyaga kwa kushoto, na mhunzi akamfulia sepeto lililogeuzwa. Sasa, kwetu humu, mtu akiwa Mprotestanti husemwa kwamba anachimba kwa mguu mwingine. Bartle, aliyesali rozari kila jioni akiwa amepiga magoti juu ya sakafu ya mawe, alitaniwa kwa jambo hilo mpaka siku ya mazishi yake.

Ultan mwenyewe, alipofika miaka ishirini na mbili, alikwenda kufanya kazi kwenye kampuni iliyoleta mashine za kukwangua mboji. Aliendesha moja kwa miaka thelathini na moja. Kinamasi cha upande wa kaskazini, ambacho babu zake walikiogopa, yeye alikikwangua kikawa uwanja mweusi bapa usio na hata unyasi. Hakupenda kukumbushwa. Baada ya kustaafu alirudi kwenye ukingo wa baba yake, mita themanini za mwisho ambazo bado zilikatwa kwa mkono, na kila masika alikata kiasi cha kuwatosha yeye na dada yake Attracta, akiongea peke yake kuhusu ujinga wa dunia.

Halafu ikaja habari ya barabara. Mitambo kumi na miwili ya kuzalisha umeme kwa upepo ingesimamishwa kwenye uwanja ule bapa, na barabara ya malori ingepita juu ya ukingo wa Farrelly kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sheria ilitaka kwanza wataalamu wa mambo ya kale wachimbe njia nzima. Wakaja sita, chini ya mwanamke wa mkoa wa Kerry aliyeitwa Sorcha Tuohy, mwenye buti zilizobandikwa kiraka na sauti ya chini. Wiki ya tatu, nyuma sana ya ukuta wa kukatia, wakafunua shimo lililojazwa mboji, na ndani yake, amelala chali, mtu wa mti.

Alikuwa na urefu wa mtoto wa miaka mitano. Mwaloni mweusi, macho mawili ya kutobolewa, mdomo uliochanwa kama alama ya kisu, mikato mitano ya kukingama kifuani, na chini, mahali ambapo miguu ingekuwa, amevunjika. Juu ya kifua chake palikuwa na jiwe bapa.

Kabla ya siku kuisha gazeti la mkoa lilikuwa limeandika juu ya shimo la matambiko la madruidi, makuhani wa Wakelti wa kale. Sorcha alikuwa hajasema neno hilo. Hata hivyo kila mtu alielewa maana yake: kama mahali hapo patatangazwa kuwa patakatifu pa kale, barabara italazimika kuzunguka, na ukingo wa Farrelly utabaki. Mkutano wa kuamua ulipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, katika ukumbi wa parokia.

"Umeokolewa na mungu wa kipagani, Ultan," alisema Hubert Lynam, jirani yake, akiegemea baiskeli. Hubert alikuwa na miaka sabini na nne na hakuwa amewahi kupita mtu bila kumchokoza. "Miaka yote hiyo unamkwepa padri, kumbe una wako chini ya ardhi."

"Walau wangu hapitishi sahani ya sadaka."

"Subiri. Wakijenga jumba la kumbukumbu ataanza."

Ultan alicheka, jambo ambalo lilimshangaza hata yeye. Usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu barua ya barabara ifike.

Asubuhi alichukua kitabu chake, kile ambacho alikinunua ujanani nyumba ya padri mkuu ilipopigwa mnada, akakivika mfuko wa plastiki na kwenda nacho kinamasini. Kilikuwa na picha za wazee wa kanzu nyeupe, ndevu mpaka kiunoni, mundu wa dhahabu mkononi. Alimkuta Sorcha amepiga magoti chini ya turubai, akimnyunyizia maji mtu wa mti ili asikauke akapasuka.

"Karibu, mzee Ultan. Angalia kamba, usianguke."

"Nimeanguka kinamasini humu kabla mama yako hajazaliwa," alisema. Akamfungulia ukurasa wa picha. "Niambie. Ni hawa?"

Sorcha alitazama kwa heshima zote. "Kanzu hizo alizishona mchoraji, mzee."

"Maandishi ya Warumi yanasema weupe."

"Yanasema. Warumi walikuwa adui zao, na huku kwetu hawakuja kuishi hata siku moja. Ungependa adui yako ndiye aandike juu yako?"

"Kampuni ya barabara imeshaandika juu yangu. Wamesema mimi ni mtumiaji wa msimu."

Sorcha akacheka. Kisha akamwambia yale anayoyajua, nayo hayakuwa mengi. Makuhani wale walikuwepo, karibu watu wote wanakubali. Lakini hawakuandika kitu, na hakuna kaburi hata moja ambalo mtu anaweza kuapa kuwa ni la mmoja wao. Kilichobaki ni vitu walivyoviweka majini na kinamasini: panga zilizokunjwa makusudi, masufuria ya shaba, sanamu za mti kando ya njia za mbao, na mara nyingine watu.

"Kwa hiyo mnachokijua ni mashimo," alisema Ultan.

"Mashimo, na kilichomo."

"Nimesoma miaka sitini nifikie kwenye mashimo."

"Njoo nikuonyeshe kitu ambacho hakimo kitabuni mwako, basi."

Alimpa kioo cha kukuzia na kumwelekeza kwenye bega la sanamu. Mwanzoni Ultan aliona weusi tu. Halafu, mwanga ulipoingia ubavuni, akaona mti umechongwa bapa bapa, kila bapa pigo moja la shoka, na katikati ya kila bapa mstari mwembamba ulioinuka kama uzi.

"Shoka lake lilikuwa na pengo," alisema Sorcha. "Chuma kimemeguka mahali padogo. Kila alipopiga, pengo likaacha uzi. Hapa, hapa, na hapa. Ni mtu mmoja, shoka moja, na hakuwa na muda wa kulinoa."

"Au alikuwa mvivu."

"Au hivyo. Miaka elfu mbili na zaidi, na bado tunaweza kumsengenya."

Ultan alibaki ameinama muda mrefu mpaka mgongo ukamuuma. Kitabu chake kizima hakikuwahi kumpa mtu mmoja aliye hai kama uzi ule. Akauliza maswali mfululizo. Mti ulikatwa majira gani? Alichongwa ukiwa mbichi? Alisimamishwa ama alilazwa?

"Alisimama," alisema Sorcha. "Ona chini, palipovunjika. Panaelekea kuchongoka. Alichomekwa ardhini mahali fulani, halafu akavunjwa na kulazwa hapa. Nikipewa jibu moja tu, mzee, ningetaka lile la mahali alipokuwa amesimama, na upande aliokuwa anatazama. Macho yale yalikuwa yanamwangalia nani? Watu wanaokuja? Jua linachomoza? Amelala, kwa hiyo hawezi kutuambia."

Swali hilo lilimwingia Ultan kama kijiti kwenye kidole. Akataka kuona shimo lenyewe. Sorcha alimsogezea turubai. Mvua ilikuwa imeangusha upande mmoja, lakini upande wa magharibi ulisimama wima, unang'aa kwa unyevu. Alishuka kwa ngazi fupi, kioo bado mkononi, akauangalia ukuta ule kama alivyofundishwa kuangalia bega la sanamu.

Mikato myembamba, mmoja kando ya mwingine, upana wa kipande cha mboji. Pembeni mwa kila mkato palikuwa na mfuo, mahali ambapo bawa la chuma liliingia. Sepeto la kila mtu aliyemfahamu liliacha mfuo upande mmoja. Mifuo hii ilikuwa upande mwingine. Na katika kila mkato, vidole viwili kutoka kwenye mfuo, palikuwa na uzi.

Ultan alilijua pengo lile. Alikuwa na miaka minane Bartle alipogonga jiwe kwa sepeto na kutukana kwa Kilatini cha misani, maana hakuwa na matusi mengine. Sepeto lenyewe lilining'inia wakati huohuo bandani kwao, nyuma ya mlango.

"Unaonaje?" Sorcha aliuliza kutoka juu. "Mimi ukuta huo unanisumbua. Ni safi mno. Nimepeleka sampuli, majibu bado."

"Naona mboji," alisema Ultan. Akapanda ngazi, akasahau kitabu chake juu ya ndoo.

Nyumbani Attracta alikuwa ametandika meza: mkate wa magadi, siagi, nyama ya nguruwe iliyobaki jana na kabichi. Alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu, mwanamke mwembamba aliyefanya kila kitu polepole na kukimaliza kabla ya wengine. Ultan hakukaa. Alikwenda bandani, akarudi na sepeto la baba yao, akalilaza juu ya kitambaa cha meza.

"Litoe hapo. Nimekifua jana."

"Baba alimzika yule mtu wa mti, Attracta. Kwa hili."

Dada yake alimimina chai vikombe viwili, akaweka maziwa, akakoroga. "Nilikuwa najiuliza utachukua muda gani kugundua, wewe msomi."

Ultan akakaa.

"Ulikuwa Mullingar kwa shangazi, mwaka ule wa matumbwitumbwi," alisema Attracta. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alirudi mchana, mapema, akanawa mikono mara tatu. Nilifikiri amekata mtu. Alikuwa anakata kwenye Kona, kule kwenye chemchemi, sepeto likakwama kwenye kitu. Akavuta, kikavunjika, kikaja na uso. Alidhani ni mtoto aliyezama. Baba yetu alikaa pale kinamasini akamsalia rozari nzima kabla hajaona kuwa ni mti."

"Akamwambia nani?"

"Padri. Padri akamwambia alichome. Baba akakubali, unamjua, ndiyo padri, sawa padri. Akawasha moto kabisa. Halafu akashindwa." Alikata mkate. "Aliniambia, 'Amenitazama, Attracta. Nisingemchoma hata mbwa aliyenitazama vile.' Kwa hiyo akamzika kwenye ukingo wetu, mbali nyuma, mahali alipojua hata wajukuu hawatafika kukata. Mimi nilibeba chupa ya maji ya baraka."

"Na jiwe?"

"Asiinuke."

"Asielee, unamaanisha. Mti ndani ya maji huelea."

"Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa Mullingar. Asiinuke."

Ultan aliuzungusha mkate wake bila kuula. Sasa alielewa kwa nini Bartle hakukata tena kwenye Kona. Miaka yote ile alisema mboji ya kule ni mbaya, ina mizizi, na familia nzima iliamini. Kona ilibaki vile vile, kipande kidogo cha kinamasi kizima ng'ambo ya mfereji, kisichoguswa na sepeto wala mashine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Tena ungeniambia nimekosea tarehe." Attracta alimtazama. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi Ijumaa ukingo unabaki."

"Ukingo unabaki."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Akinyamaza, mita themanini za baba yake zingebaki, na yeye angekata mboji masika mengine manne au matano, mpaka magoti yamkatae. Barabara isingekanyaga Kona kwa vyovyote, ilikuwa ng'ambo. Lakini watu wa Sorcha wangemaliza njia ya barabara, wangefunga mahema yao na kwenda, na hakuna mtu ambaye angechimba Kona tena. Macho yale yangekaa kwenye sanduku la kioo na maelezo ya uongo chini yake: alilazwa hapa na makuhani, na jiwe la matambiko kifuani. Ultan alikuwa amegombana na vitabu maisha yake yote kwa makosa madogo kuliko hilo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi: alitaka kujua. Swali la yule mwanamke lilikuwa limekaa ndani yake. Lile jibu lingeweza kuwa limesimama kwenye Kona mpaka leo, nusu mita chini ya nyasi, limechongoka, limevunjika juu. Angekufa bila kulipata, naye akiwa ndiye mtu pekee aliyejua pa kuchimba.

Jumatano Hubert alimkuta barabarani akiwa amebeba sepeto begani.

"Unakwenda kukata leo? Mvua inakuja."

"Nakwenda kusema ukweli."

"Kwa nani?"

"Kwa mwanamke wa Kerry."

Hubert alisikiliza habari yote akiwa ameshika breki za baiskeli iliyosimama. Alipomaliza kusikia alitikisa kichwa. "Wewe ni mpumbavu mwenye elimu, Ultan. Wa kawaida angenyamaza."

"Najua."

"Watakupitishia malori juu ya jasho la Bartle."

"Bartle mwenyewe alimwambia padri sawa, akafanya analoona. Nami nafanya ninaloona."

"Bartle alificha. Wewe unafichua."

Ultan alilibeba neno hilo mpaka kwenye turubai.

Sorcha alisikiliza habari yote, pamoja na mwaka wenyewe. Aliliweka sepeto kwenye ukuta wa shimo, bawa kwenye mfuo, chuma kwenye mkato, na pengo likakaa juu ya uzi kama ufunguo kwenye kitasa. Alikaa chini kwenye ngazi.

"Elfu moja mia tisa arobaini na tisa," alisema.

"Mwezi wa tano. Dada yangu atakwambia kama kulikuwa na mvua."

"Majibu ya sampuli yangesema hivyo hivyo, mzee. Labda wiki mbili. Baada ya mkutano." Alimtazama. "Ulijua hilo?"

"Hapana. Ningekuja tu." Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale inapomchafua: "Labda ningechelewa siku moja zaidi."

Sorcha aligeuza lile jiwe bapa mikononi. Alikuwa amelichora, amelipima, ameliandikia kurasa mbili. "Na hili?"

"Mimi nasema ni uzito. Attracta anasema ni ili asiinuke. Yeye alikuwepo."

"Alikuwa anamwogopa?"

"Alimsalia rozari, akamnyima moto, akamnyunyizia maji ya baraka, akamkandamiza kwa jiwe. Niite hiyo nini? Wewe ndiye msomi wa dini za mashimo."

Sorcha alifikiri. "Kama ningekuta haya yote ya miaka elfu mbili iliyopita, ningeandika kwamba hapa kuna watu waliomheshimu na kumwogopa kwa pamoja. Na nisingekosea, ningekosea tarehe tu."

Ultan alilipenda hilo zaidi kuliko alivyoonyesha. "Sasa," alisema, "tunachimba Kona lini?"

Mkutano wa Ijumaa ulikwisha kwa dakika arobaini. Sorcha alisoma taarifa yake, barabara ikabaki palepale, na watu wa upepo wakawa wepesi wa kutoa ruhusa ya wiki tatu kwenye Kona, ambayo hawakuihitaji. Ultan aliruhusiwa kukata ukingo wake mpaka mwisho wa Juni.

Alikata kwa sepeto la baba yake. Mguu wake ulikuwa wa kulia, kwa hiyo ilimbidi ajifunze upya kama mtoto, na vipande vya siku mbili za kwanza vilitoka vimepinda. Siku ya tatu Hubert alifika na sepeto lake mwenyewe, kutu imejaa, hajalishika miaka kumi na tano. Attracta alileta chai kwenye chupa zilizovishwa soksi, kama zamani.

"Angalia huyu," Hubert alimwambia Attracta. "Amemaliza kwa wapagani, sasa anachimba na Waprotestanti."

"Kata mboji, Hubert," alisema Attracta. "Hata wao wangekuwa wamemaliza."

Walikuwa watu watatu mahali pa ishirini, na wote walikuwa wazee. Ila kwa siku nne ukingo ule ulisikika tena kama ukingo, chuma kikiingia kwa mlio wa mate, kipande kikitua juu ya nyasi, mtu akimtukana mwenzake bila kuinua kichwa. Siku iliyofuata malori yalianza kumwaga kokoto upande wa mashariki, nao wakahamisha torori.

Kwenye Kona wachimbaji walikuta kwanza mbao, zimelala kinamasini kama ngazi, njia nyembamba iliyotoka kwenye ardhi kavu ikaishia kwenye chemchemi. Sorcha alimwita Ultan aje na kioo. Kwenye ncha za mbao mbili kulikuwa na uzi uleule. Yule mvivu wa shoka alikuwa ametengeneza njia pia.

Jumanne ya mwisho wakalipata guu la sanamu. Lilikuwa limesimama wima kando ya mwisho wa njia, jeusi, limevunjika juu, na pembeni mwake mkato mmoja wa sepeto wenye mfuo upande usio wa kawaida, mahali Bartle alipokwama na kuvuta. Mtu wa mti aliletwa ndani ya sanduku lake la maji, watu wanne wakimbeba. Hawakumwinua juu. Sorcha alipima mpasuko wa huku na mpasuko wa kule, jino kwa jino, akachora, akageuza mchoro, akaweka dira juu ya karatasi. Ultan alisimama nyuma yake, kofia mkononi, na Attracta kando yake.

"Haya," alisema Sorcha. "Njia inakuja hivi, kutoka kwa watu. Chemchemi iko hapa, kando yake. Ningaliweka dau kwamba anawatazama wanaokuja."

"Na?"

"Amewapa mgongo."

Alinyoosha mkono kuonyesha. Macho yale yalikuwa yameelekea mbali na njia na chemchemi, kwenye kinamasi kitupu cha kaskazini, mahali ambapo hakukuwahi kuwa na nyumba wala shamba wala kaburi lolote linalojulikana.

"Kule kuna nini?" aliuliza Attracta.

"Hakuna kitu."

"Kulikuwa na nini?" aliuliza Ultan, ingawa alikuwa mmoja wa wachache ambao wangeweza kujibu. Ulikuwa ule uwanja bapa. Alikuwa ameukwangua mwenyewe miaka thelathini na moja, tabaka kwa tabaka, kutoka kwenye kiti cha mashine, na redio imefunguliwa. Alijaribu kukumbuka kama chuma kiliwahi kugonga kitu akapuuza. Kiligonga mara nyingi. Wote walipuuza, mwaloni wa kale ulikuwa usumbufu, uliburutwa kando na kuchomwa.

"Sijui, mzee," alisema Sorcha. "Sidhani kama kuna atakayejua."

Nyuma yao lori lilirudi kinyumenyume likipiga kengele, likamwaga kokoto pale ulipokuwa ukuta wa Bartle. Attracta aligeuka kutazama. Ultan hakugeuka. Alichukua ndoo ya mmoja wa wachimbaji, akaipindua, akaiweka kando ya lile guu na kuikalia, mgongo kwenye njia, uso kaskazini.

"Chai itapoa," alisema dada yake.

"Ipoe. Nilikuwa na fundi mmoja kwenye zamu ya pili, alikuwa akiweka kando vitu alivyovigonga. Mtu wa Ballymahon, akiitwa Eunan. Sijui kama bado yuko hai." Alivaa kofia. "Mwanangu Sorcha, una simu ya namna ile? Hebu itoe, tumtafute."